Usukani wa Cherehani

Usiniulize gemu ile iliahirishwa kwa nini. Nimeulizwa na wauza kabichi, nimeulizwa na mwalimu mkuu, nimeulizwa na mkunga huku akimfunga kitovu mtoto wa jirani yangu, na wote nimewajibu hivyo hivyo: sijui. Hata walioitengeneza huko mjini Yogya sidhani kama wanajua. Ninachokijua ni habari ya Pak Legiyo, na hiyo nitaisema yote, hata pale inaponiaibisha, maana sehemu ya kosa ni langu na huu mdomo wangu.

Mimi ni Bu Yatmi; Bu ni mama, kama Pak ilivyo baba na Mas kaka. Nina chumba cha gemu hapa mlimani, jirani na soko la mboga. Skrini kumi na moja, moja haiwaki. Watu wakisikia chumba cha gemu wanafikiria watoto, lakini wateja wangu hasa ni madereva wa pikapu. Mtu ameteremka na kabichi tangu alfajiri, kona sitini, breki zinanuka, anafika kwangu saa nne, anaagiza kahawa na tempe ya kukaanga, ile ya soya, kisha anakaa mbele ya skrini kuendesha gari. Ati anapumzika. Zamani nilishangaa, siku hizi natia sukari tu kwenye kahawa.

Pak Legiyo anakaa nyuma yangu, ukuta kwa ukuta, na nikimwita kwa chai nagonga ukuta mara tatu. Yeye ndiye fundi wa usukani wa kuchezea. Anachukua usukani wa pikapu iliyokufa, springi za pikipiki, mabomba ya plastiki na vitu vingine asivyopenda kuulizwa vilikotoka, anaviunganisha kwa waya na kompyuta, nawe ukishika unaisikia barabara mikononi. Madereva wanausifu kwa sababu unachezacheza kidogo kabla ya kushika kona, kama wa magari yao mabovu.

Kazi yake ya pili malipo yake ni sahani ya wali, nayo ni kuhesabu siku. Sisi Wajava tuna wiki mbili zinazokwenda sambamba, ile ya siku saba na ile ya soko ya siku tano: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon. Kila siku ina majina mawili, na jozi ikishapita hairudi mpaka siku thelathini na tano. Yeye mwenyewe alizaliwa siku ya Legi, ndiyo maana ni Legiyo. Ukitaka kuoza, kuezeka au kuhama, unakwenda kwake, anapitisha kidole gumba kwenye pingili za vidole vingine, na kabla hujameza mate ameshakutajia siku. Ila kuna jambo halihitaji mtaalamu. Siku aliyofariki mzazi wako, kwa majina yake yote mawili, hufungui shughuli ya furaha. Unaisogeza mbele. Hapa watu wamesogeza harusi ambazo kadi zimekwisha gawiwa, na hakuna aliyenuna.

Mkewe, Bu Suratmi, alifariki Jumamosi Pahing, sasa ni mwaka wa tatu. Alikuwa mshonaji. Sare za shule za kijiji kizima zilipita kwenye cherehani yake ya kukanyaga, na mlio wake ulipita ukutani kwangu mpaka nikauzoea. Hitima ya siku arobaini ilipokwisha, Pak Legiyo alichukua spana akaifungua cherehani ile vipande vipande. Mwanawe wa pekee, Wiji, alirudi kutoka kushusha kabichi akakuta kiti cha mama yake kitupu na vyuma vimetapakaa sakafuni. Aliyoyasema Wiji niliyasikia ukutani na sitayarudia. Majibu ya Pak Legiyo nayo niliyasikia: spana ikiendelea kulegeza nati. Tangu hapo baba na mwana wakawa watu wa naomba njia na chumvi iko wapi.

Baada ya miezi kadhaa tukaona kilichotoka. Ulikuwa usukani mzuri kupita wote aliowahi kuunda, na chini yake kanyagio la cherehani lenyewe, lenye maua ya chuma, ambalo kidole kikilisukuma linatia mafuta na kisigino kikilisukuma linafunga breki. Madereva walimbembeleza auze, akakataa. Akauweka kwangu mbele ya skrini namba moja na kuufunika kipande cha batiki. Hakusema ni wa nani. Mimi nilijua, maana urefu wa kiti alikuwa ameupima kwa suruali ya Wiji iliyoanikwa kwenye kamba. Wiji hakujua, au hakutaka kujua. Kila akija alikaa skrini namba kumi, mgongo kauelekeza huko.

Sasa gemu yenyewe. Inaitwa Juragan Tanjakan, Bosi wa Milima kwa maneno yetu, na inatengenezwa na vijana fulani wa Yogya. Ni mashindano ya pikapu za kabichi kuteremka mlima huu huu wetu, na kona ni zetu zile zile. Mshindi ni anayefika sokoni mapema bila kumwaga kabichi nyingi. Tuliisubiri miaka miwili. Tulikuwa na kikundi cha mashabiki thelathini na mmoja, mwenyekiti wake Mas Gito kinyozi, na siku lilipotoka tangazo kwamba gemu inakuja Jumamosi, wiki tatu mbele, Mas Gito alimwacha mteja na shavu moja la ndevu akaja kwangu anahema.

Mipango ikapangwa papo hapo. Kutakuwa na mnara wa wali wa manjano, kuku wawili na mashindano. Pia iwe ndiyo kumuaga Wiji, ambaye alikuwa amepata mkataba wa kiwanda huko Korea, miaka minne na miezi kumi, na ndege yake ilikuwa Alhamisi, siku kumi na mbili baada ya Jumamosi hiyo. Mas Gito akasema basi wa kwanza kushika usukani awe Wiji, na ashike ule wa skrini namba moja, maana ni aibu kumuaga mtu kwa usukani wa bomba la plastiki. Watu wakapiga makofi. Wiji akatazama chini, lakini hakukataa, na kwa Wiji kutokataa ni jambo kubwa.

Pak Legiyo alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Niliona uso wake unafunguka. Halafu nikaona kidole gumba kinapita kwenye pingili, mara moja, mara ya pili, na uso ukajifunga.

Jumatatu asubuhi alinijia amevaa shati la Ijumaa. Akaniomba nimwandikie barua kwa kompyuta, kwa wale vijana wa Yogya, wasogeze gemu yao siku moja. Siku moja tu, kutoka Jumamosi Pahing hadi Jumapili Pon. Nikamwambia Pak, hii ni kampuni, hii si harusi ya binamu yako, hawawezi kusogeza mambo ya nchi nzima kwa ajili ya mtu mmoja wa mlimani.

Akanitazama kama anayenionea huruma. "Kwani wao hawana mama, Bu? Wakiambiwa wataelewa. Mimi sijawahi kumwomba mtu asogeze siku akakataa."

Nikaandika. Alisema polepole, mimi nikipiga herufi kwa vidole viwili, na ilipofika katikati nilijifanya kupenga kamasi. Akataka tuwatumie na picha ya usukani, wajue wanaandikiwa na fundi, si mhuni. Nikapiga picha, nikaiweka, nikabonyeza. Akanishukuru mara tatu akaenda zake, amefurahi.

Jumatano yake gemu ikaahirishwa.

Lile tangazo sijui niliite nini. Lilianza kwa kuomba radhi. Likasema gemu iko tayari. Mstari uliofuata ukasema bado inahitaji muda. Mwisho wakaandika kwamba tutaonana msimu wa mavuno, wakaweka na picha ya paka amelala juu ya kabichi. Jamani, mavuno ya nini? Huku mlimani viazi tunavuna kila miezi mitatu, tumbaku mara moja kwa mwaka, kabichi tunavuna hata leo. Mas Gito alilisoma kwa sauti mara nne. Mwalimu mkuu akasema paka amelala maana yake gemu imelala. Dereva mmoja akasema hapana, paka ni mjamzito, kwa hiyo ni miezi miwili, akatuonyesha tumbo kwenye skrini. Tukakodoa macho kwenye tumbo la paka, watu wazima kumi na sita, kahawa inapoa.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Walikuwa wanabishana ni kitu gani kimewatisha wale vijana, nami kwa kutaka kuonekana najua, nikacheka nikasema labda barua ya Pak Legiyo imewafikia, maana amewaandikia kwamba siku ile ni mbaya. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Mas Gito aliweka kikombe chini.

"Amewaandikia siku ni mbaya? Pak Legiyo? Na wewe Bu Yatmi ukaandika?"

Mpaka adhuhuri soko zima lilikuwa limeshajua. Sasa fikiria: mtu huyu akisema siku mbaya, sisi wenyewe tunasogeza. Kwa nini wale wa Yogya wasisogeze? Nao ni Wajava, wana bibi zao, wakaingiwa na hofu wakaamua kukaa kabisa mpaka mavuno. Ilileta maana. Na kesho yake mtu akauliza, mbona sasa kampuni isikilize kijiji, haikuleta maana tena. Tukawa hivyo, asubuhi tunaamini, mchana hatuamini. Lakini lawama haikungoja tupate jibu. Madereva wawili walioagiza usukani walituma salamu kwamba watasubiri kwanza. Mama mmoja aliyekuwa amehesabiwa siku ya kuezeka akaenda kwa mhesabuji wa kijiji cha chini. Na mnara wa wali ukafutwa, maana utamlisha nani bila gemu.

Pak Legiyo mwenyewe aliamini kuliko wote. Alikaa kwenye benchi langu, mikono mapajani, akinieleza jambo lile lile. Aliomba siku moja. Wamempa miezi. Amekosea wapi kusema? Alitumia neno gani wakalielewa vibaya? Nilimsomea barua kutoka kichwani, tukatafuta neno baya, hatukuliona.

Wiji aliingia tukiwa hapo. Watu walikuwepo, na wale waliokuwa kwenye skrini waliachia vitufe. Alisimama mbele ya baba yake, na hakupaza sauti, ingekuwa afadhali apaze.

"Baba, kama hutaki niende, niambie usiende. Usizungukie Yogya."

"Niliomba siku moja tu," Pak Legiyo akasema.

"Umewapangia siku watu wote wa mlima huu. Yangu ilikuwa moja, nayo umeipangua." Akageuka akatoka. Ile batiki juu ya usukani ilikuwa hatua tatu kutoka kwa Pak Legiyo, na siku zilizobaki kabla ya ndege zilikuwa ishirini na nane. Yeye alizihesabu kwa sauti, bila hata kugusa vidole.

Tulipoteza karibu zote kwa mkanganyiko. Tangazo jingine likatoka, likisema tusiamini matangazo ya uongo, na hatukujua kama lile la kwanza ndilo la uongo au hili. Jumamosi Pahing yenyewe ilifika, watu sita wakaja kwangu na kukaa mbele ya skrini, eti huenda ikatoka. Haikutoka. Pak Legiyo alikwenda makaburini peke yake. Wiji naye alikwenda, saa nyingine, hakujua ile siku ina jina gani, vijana hawahesabu tena, alikwenda kwa sababu anasafiri. Niliwaona wote wawili wakipita dirishani kwangu, nusu saa kati yao, na sikusema neno, maana nilikuwa nimeapa kuufunga mdomo. Nilichagua siku mbaya ya kuanza kuufunga.

Jumatatu ya pili baada ya hapo, siku tatu kabla ya safari, Pak Legiyo alirudi na shati lile lile. Anataka barua ya pili, ya kuiondoa ya kwanza. Waambie nimefuta neno langu, akasema, waitoe leo au kesho, Jumatano ikizidi sana, siku yoyote, hata mbaya. Nikafungua kompyuta. Nikatafuta barua ya kwanza ili niandike chini yake.

Ilikuwa haijaenda. Imekaa palepale, na alama nyekundu pembeni. Ile picha ya usukani ilikuwa kubwa mno, mtandao wetu wa mlimani ukashindwa kuivuta, nami sikuangalia, nilibonyeza nikaenda kukaanga tempe. Mwezi karibu unakwisha, mtu ametukanwa kwa barua ambayo haijavuka hata ukuta wa chumba changu.

Nilimwambia vile vile, sikuzunguka.

"Haikwenda?"

"Haikwenda, Pak. Nisamehe."

Akainamia ile alama nyekundu. "Sasa nani ameisogeza?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Basi siku yenyewe imekataa," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza. Hakunikasirikia, wala hakufurahi kwamba hana hatia. Aliinuka, akasahau kandambili moja chini ya benchi, akaenda na moja tu.

Nikamkimbilia Mas Gito kumsafisha jina. Unajua alinijibu nini? Akasema hata kama barua haikwenda, Pak Legiyo aliifikiria, na pengine kwa mtu wa namna ile kufikiria kunatosha. Nilimwambia Mas Gito, wewe nyoa ndevu, mambo ya kufikiri waachie wengine. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu, na mimi nikiwa wa kwanza.

Kesho yake asubuhi Wiji alikuja kurudisha vifaa vya masikioni alivyokuwa ameazima. Mkoba ulikuwa umekwisha fungwa, alisema. Nilikuwa nimeitoa ile barua kwenye karatasi. Nikaiweka mbele yake juu ya meza, nikamwambia hii haikwenda popote, ila nafikiri tangu mwanzo ilikosewa anwani.

Akasoma akiwa amesimama. Iliandikwa hivi:

"Kwa wanangu wa Yogya, hamjambo. Mimi ni Legiyo, fundi wa usukani. Naomba msogeze gemu siku moja, iwe Jumapili Pon. Jumamosi Pahing ni siku aliyofariki mke wangu, na mwanangu ndiye atakayefungua. Usukani nimemtengenezea kwa cherehani ya mama yake. Watu wangeinunua wakaipeleka mbali, nami nilitaka mguu wake ukae pale mguu wa mama yake ulipokaa. Hajaukalia bado. Sikujua namna ya kumwambia. Atakaa mara moja kabla ya kusafiri, kwa hiyo hiyo mara moja isiwe siku mbaya. Siku moja haitawapunguzia kitu. Samahani kwa usumbufu."

Alisoma tena kutoka juu. Kisha akaniuliza kama ni kweli baba yake ndiye aliyesema maneno haya, yote, kwa mdomo wake. Nikamwambia mimi kuandika tu ni shida, kutunga nitaweza wapi. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaenda skrini namba moja akaivua ile batiki. Nikagonga ukuta mara tatu.

Pak Legiyo alikuja akidhani ni chai. Alimkuta mwanawe amekaa. Kiti kilimfaa sawasawa. Gemu mpya haikuwepo, nilikuwa na ile ya zamani tu ya mabasi, iliyochakaa, ambayo kila mtu ameimaliza. Nikaiwasha. Wiji akakanyaga kwa kidole, basi likaruka, kona ya tatu likaenda bondeni. Akalirudisha. Likaenda bondeni tena. Dereva wa pikapu kwa miaka saba, anashindwa na kona ya mtoto.

"Kisigino," Pak Legiyo akasema kutoka mlangoni. "Mama yako alianza na kisigino."

Wiji akabadilisha mguu. Kanyagio likaanza kupanda na kushuka, na ule mlio, jamani, ule mlio niliouzoea ukutani kwangu miaka yote, ukasikika chumbani. Sikutegemea. Nililia wazi wazi mbele ya wateja. Basi likapita kona ya tatu, likapita ya nne, na Pak Legiyo akasogea hatua kwa hatua mpaka mkono wake ukawa juu ya mgongo wa kiti.

Alipofika mwisho wa barabara Wiji hakugeuka. Alibaki ameshika usukani.

"Baba, nihesabie siku ya kurudi. Mkataba ni miaka minne na miezi kumi, kuanzia Alhamisi hii. Nichagulie iliyo nzuri."

Pak Legiyo akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka kidole gumba kwenye pingili ya kwanza. Alhamisi Wage, akasema, Ijumaa Kliwon, Jumamosi Legi. Akaenda, akafika mahali, akasimama. Nimemjua mtu huyu miaka ishirini na sita na sijawahi kumwona akikwama.

"Nimepotea," akasema. "Ngoja kidogo."

Wiji akamwambia hana haraka. Pak Legiyo akajifuta macho kwa mkono wa shati, akarudisha kidole kwenye pingili ya kwanza, akaanza upya.